Mawe ya Mjerumani

Nimepotea kidogo, najua, msinipige mawe. (Mawe! Mtaona baadaye kwa nini nimelicheka hilo neno.) Nilikuwa na test mbili mfululizo na semina moja ambayo imenitoa jasho, na ndiyo hasa inayonifanya niandike leo.

Ilianza hivi. Juzi usiku umeme ulikata hall nzima. Laptop zikafa moja moja, simu zikabaki na asilimia za kuhesabu, tukabaki wanne chumbani tunapiga soga gizani kama watu wa zamani. Mmoja akatupa swali: kitabu gani cha Kiingereza ulikisoma mwenyewe mara ya kwanza, bila mwalimu kukushikia fimbo, mpaka kikaisha? Kila mtu akataja chake. Zamu yangu ilipofika nikasema, The Lost World. Wakacheka. Walidhani nasema ile filamu ya madainosaria ya Spielberg, ya mwaka 1997. Nikawaambia hapana jamani, ile iliazima jina tu. Ninayosema mimi ni riwaya ya mwaka 1912, aliyoiandika Arthur Conan Doyle, yule yule aliyemzaa Sherlock Holmes. Kwa wale wa Kiswahili tu, Holmes ni yule mpelelezi wa Kizungu ambaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anafanana naye mpaka kiko.

Basi nikaanza kuwahadithia, na nilipokuwa nahadithia nikajikuta nimenyamaza katikati. Jamaa wakadhani nimelala. Sikulala. Kuna kitu kilinijia ambacho kilikuwa kimekaa kichwani mwangu miaka kumi bila mimi kukiona.

Ngoja nirudi nyuma.

Wengi wenu mnajua mimi ni mtu wa Kiswere. Kwa wasiojua: ukitoka Dar kwenda Lindi, ukishapita njia panda ya Kilwa ukaendelea kusini, kuna ghuba imeingia ndani ya nchi, ina mikoko pande zote, ina minazi, ina ngalawa, na ina watu ambao ukiwauliza habari za mji watakuambia bei ya pweza. Hapo ndipo kwetu. Nilikuwa kidato cha pili. Shuleni kuliletwa maboksi ya vitabu vya msaada, vingi havikuwa na maana yoyote kwetu (nakumbuka kimoja kilikuwa cha kufundisha kuteleza kwenye barafu, wallahi). Humo nikaokota kijitabu chembamba, hakina jalada, ni ile riwaya imefupishwa kwa Kiingereza rahisi cha wanafunzi. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Nikaondoka nacho likizo, nikakisoma Kiswere kwa tochi ya simu ya baba, mpaka chaji iishe au baba aamke, kimojawapo kitangulie.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijana mwandishi wa gazeti London, Malone, anampenda binti anayeitwa Gladys, na Gladys anasema hawezi kuolewa na mtu asiyefanya jambo la kishujaa. Makubwa! Basi kijana anajiunga na Profesa Challenger, mtu mfupi mpana mwenye ndevu na hasira, anayedai kwamba huko Amerika ya Kusini, ndani kabisa ya misitu ya Amazon, kuna uwanda juu ya mwamba uliosimama kama ukuta, na juu yake wanyama wa kale hawajafa mpaka leo. Wasomi wenzake wanamcheka. Wanamwambia lete ushahidi. Kwa hiyo wanaondoka wanne: Challenger, Malone, profesa mwingine mbishi anaitwa Summerlee, na mwindaji mmoja tajiri, Lord John Roxton. Wanaangusha mti mrefu uwe daraja, wanavuka, halafu msaliti anausukuma mti bondeni na wao wanabaki huko juu na mijusi mikubwa kama nyumba, na mengine yenye mbawa za ngozi kama popo.

Sasa mimi Amazon nilikuwa siijui. Kitabu kikisema mto, mimi naona Mbwemkuru, huu mto wetu unaoingia baharini kati ya Kilwa na Lindi. Kikisema msitu, naona pori la nyuma ya Mandawa. Kikisema ule mwamba, naona vilima vya bara ambavyo sikuwahi kufika, unaviona kwa mbali tu asubuhi hewa ikiwa safi. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba dainosaria wako kule nyuma ya vile vilima. Nilimwambia mdogo wangu asiende mbali kuokota kuni. Alinicheka kama wasomi walivyomcheka Challenger.

Na katika nyumba hiyo hiyo, miezi hiyo hiyo, alikuwepo bibi yangu, Mungu amrehemu. Bibi alikuwa na msemo wake. Akiona mtu anahangaika na kazi isiyo na faida, mathalani baba anatengeneza redio iliyokufa tangu mwaka juzi, anasema: "Huyo naye anabeba mawe ya Mjerumani." Ulikuwa msemo wa nyumbani tu, sijausikia kwingine. Ukimuuliza, anasema babu yake alibeba mawe ya Mjerumani kichwani kutoka bara mpaka Lindi, yakapakiwa melini yakaenda Ulaya. Mawe! Kana kwamba kwao hakuna mawe. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Tulimwona yule Mjerumani ni mwendawazimu, na babu yake bibi naye hajambo.

Mmeshaona ninapokwenda? Mimi sikuona. Kitabu mkononi, bibi pembeni, na sikuona.

Nilikuja kuona hapa Mlimani, mwaka wa pili, tena kwa bahati. Tulikuwa tunatafuta mada za semina kuhusu utawala wa Wajerumani, nikafungua picha ya jengo la makumbusho ya Berlin. Katikati ya ukumbi pamesimama mifupa ya mnyama, shingo imekwenda juu mpaka karibu na paa. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Chini yake watu ni kama siafu. Maelezo yakasema: ametoka Tendaguru, karibu na Lindi.

Tendaguru ni kilima kusini ya Mbwemkuru. Nilichukua rula na ramani. Kutoka Kiswere haifiki kilomita sitini. Ni kule nyuma ya vile vilima.

Sasa historia yenyewe, maana najua kuna watu wa sayansi hapa wanaodhani sisi wa historia tunakariri tarehe tu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani wa kampuni ya kutafuta madini, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umetokeza njiani kule Tendaguru. Vitabu vinasema "aligundua". Mimi huwa najiuliza, mfupa ulikuwa njiani, na njia hiyo ilitengenezwa na miguu ya nani? Waliopita hapo kila siku walikuwa wanauruka tu bila kuutazama? Haya. Mwaka 1907 akaja mtaalamu wa mifupa ya kale, Eberhard Fraas, akathibitisha kwamba ni dainosaria. Halafu makumbusho ya Berlin yakachangisha pesa, na kuanzia 1909 mpaka 1913 ikafanyika kazi ambayo katika fani hiyo ni miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizowahi kufanyika duniani. Wakuu wake walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye, mwaka 1912, Hans Reck aliyekuja na mkewe Ina.

Hao ni Wazungu wachache. Wachimbaji wakaanza kama mia na kitu, wakafika mamia, kwenye mwaka 1912 wanakaribia mia tano. Wengi wao Wamwera na watu wengine wa huku kwetu. Watu walihamia na wake na watoto, pale kilimani pakawa kijiji. Na kumbukeni wakati wenyewe. Vita vya Majimaji vimeanza 1905, vimekwisha 1907, vimeacha njaa na makaburi kusini yote. Mtu aliyechimba mfupa mwaka 1909 inawezekana kabisa miaka minne nyuma alikuwa anakimbia bunduki za Wajerumani hao hao. Hilo vitabu vya dainosaria havilikalii sana. Vinapita haraka vinakwenda kwenye urefu wa shingo.

Na mifupa ilitokaje? Hakukuwa na barabara ya gari wala reli, na wanyama wa kubeba mizigo hawadumu kwenye mbung'o. Ilitoka kichwani. Mifupa mikubwa ilining'inizwa kwenye miti, watu wanabeba mabegani kwa zamu. Tendaguru mpaka Lindi ni mwendo wa siku nne. Kwa miaka ile yote zilitoka tani zaidi ya 200. Tani, wadau! Zikapanda meli Lindi, zikaenda Hamburg, kisha Berlin. Umri wa mifupa yenyewe ni miaka milioni 150 hivi, na imekwisha kugeuka jiwe. Yaani jiwe kabisa, ukiligonga linalia kama jiwe.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nikafunga laptop nikatoka nje nikaenda kukaa chini ya mti. Bibi alikuwa ameshafariki, nilikuwa kidato cha sita.

Baada ya hapo nikakitafuta kile kitabu. Kijitabu chenyewe sijui kilipotelea wapi, lakini riwaya kamili inapatikana bure mtandaoni kwa sababu haki zake zimekwisha muda. Nikaisoma upya, safari hii na kurasa za mwisho. (Gladys, kwa taarifa yenu, Malone anaporudi anamkuta ameshaolewa na karani. Nimecheka peke yangu laibrari watu wakanitazama.) Ila kuna mtu niliyekuwa nimemsahau kabisa. Anaitwa Zambo. Ni mtu mweusi, mkubwa wa mwili, mwaminifu, hivyo ndivyo anavyoelezwa, na ndivyo anavyobaki kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wenzake wanapanda juu kwenye dunia iliyopotea. Yeye anabaki chini ya mwamba. Anangoja, analinda mizigo, barua zao zinapitia kwake. Hapandi. Dainosaria hata mmoja hamwoni kule juu.

Nikajaribu kukumbuka, nilipokuwa na miaka kumi na nne nilikuwa najiona nani katika kisa kile? Sikuwa Zambo, hata kidogo. Nilikuwa Malone. Nilivuka ule mti, nilikimbizwa usiku na lile jitu la meno, niliandika barua. Zambo nilimpita kama unavyompita mlinzi getini bila kumsalimia. Sijui niseme nini juu ya hilo. Sitaki kumtukana mtoto yule mwenye tochi ya simu, kitabu kilimpa raha kubwa kuliko chochote alichokuwa nacho mwaka ule. Wala sitaki kusema Conan Doyle asisomwe. Mimi mwenyewe nimesoma mara ya tatu. Lakini sasa kila nikisoma, jicho linabaki chini ya mwamba.

Tena angalieni tarehe. Riwaya ilitoka kwanza kwa vipande kwenye gazeti la Strand, London, kuanzia Aprili 1912 mpaka Novemba. Msomaji anamaliza kipande, anasubiri mwezi ujao ajue kama Challenger atapata ushahidi. Miezi hiyo hiyo, huku kwetu, safu ya watu inashuka kuelekea Lindi na ushahidi mabegani. Wachora riwaya walihitaji Amazon na mwamba usiopandika. Sisi tulikuwa na njia ya miguu, na mwisho wake bandari.

Kuna jambo la majina pia, na hili ndilo lililonipa mada ya semina. Yule mrefu wa Berlin, Janensch alimpa jina mwaka 1914: Brachiosaurus brancai. Siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan, lakini hilo brancai limebaki. Ni heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi aliyehangaikia pesa Berlin. Mwingine mdogo, mwepesi wa mbio, mwaka 1919 akapewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani katika vita vya kwanza huku kwetu, ambaye vita vyake viliua wapagazi kwa maelfu. Mpagazi anabeba mfupa, halafu mfupa unapewa jina la jenerali. Nilipolisema hilo kwenye semina darasa liliguna.

Lakini, na hapa mniruhusu nifurahi kidogo, majina hayakuishia hapo. Msimamizi mkuu wa kazi pale Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dainosaria mmoja wa pale akaitwa Australodocus bohetii, kwa ajili yake. Na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: nusu ya kwanza ni Wamwera wenyewe, nusu ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa shimo alimotoka mnyama yule. Miaka zaidi ya mia imepita ndipo Mmwera akaingia kwenye jina la Kilatini. Nimeliandika kwenye karatasi nimelibandika juu ya kitanda. Jamaa yangu wa kitanda cha juu anadhani ni dawa.

Waingereza nao walikuja baada ya vita, 1924 mpaka 1931, na mmoja wao alikuwa kijana Louis Leakey, huyu wa Olduvai baadaye, ana miaka ishirini tu, amechukuliwa kwa sababu Kiswahili anakijua. Kiongozi wake, Cutler, alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa tatizo langu. Niliposimama kwenye semina nikasema kwamba katika familia yetu kuna kumbukumbu ya kazi hii, mwalimu, mtu mwema kabisa, akauliza swali moja: ushahidi uko wapi? Nikasema, bibi alikuwa akisema hivi na hivi. Akasema sawa, lakini Wajerumani walibebesha watu vitu vingi. Inaweza kuwa mawe ya ujenzi. Inaweza kuwa madini, yule Sattler si alikuwa mtu wa madini? Jina la babu yake bibi liko kwenye orodha yoyote? Halipo, au kama lipo sijaliona. Nikakaa chini. Na hicho ndicho kilichoninyamazisha juzi gizani nikihadithia: nilifika pale Challenger anaposimama mbele ya ukumbi, watu wanamzomea, anajua alichokiona na mkononi hana kitu. Challenger alikuwa na msimamo wa kupigana ngumi. Mimi nina maneno sita ya marehemu bibi.

Umeme uliporudi, kwenye saa nne na nusu, nikampigia ba'mdogo Kiswere. Huwa halali mapema, anasubiri maji ya bahari. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, habari za huko, korosho mwaka huu hazijambo. Nikamuuliza tu: ba'mdogo, ule msemo wa bibi wa mawe ya Mjerumani, wewe unakumbuka alikuwa anasemaje hasa? Sikumwambia habari za Tendaguru wala za dainosaria wala za semina.

Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Si yale mawe ya kufungwa mianzi? Bibi yako alikuwa anasema walikuwa wanayavika mianzi kama mtoto anavyofungwa nepi, yasivunjike. Jiwe gani hilo linaogopa kuvunjika?"

Wadau, mifupa ya Tendaguru ilifungwa kwa mianzi. Wachimbaji waliizungushia vipande vya mianzi wakavikaza, ndivyo ilivyosafiri. Picha zipo. Na huko Berlin kuna vifurushi vya mianzi ambavyo mpaka karne hii vilikuwa havijafunguliwa, wataalamu wakaanza kuvipiga picha za mionzi kuona kilichomo.

Najua, najua. Mwalimu atasema ba'mdogo anaweza kuwa alisikia redioni. Anaweza. Nilimuuliza, akasema redio yake haijawahi kuzungumza habari za mianzi, inazungumza mpira tu. Nikamwomba asimsimulie mtu mwingine kwanza, mpaka nifike na daftari nimwandike vizuri, tarehe na kila kitu, na nimuulize pia shangazi yake wa Mandawa ambaye ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki. Akasema njoo upesi, shangazi siku hizi anasahau, juzi alimwita yeye kwa jina la marehemu.

Nimetazama nauli. Boom limebaki kidogo lakini linatosha kwenda, kurudi tutajua huko huko. Mtihani wa mwisho ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Ijumaa alfajiri niko Mbagala kituoni. Kama kuna mwenye kinasa sauti kizuri, si cha simu, aniazime wiki moja, nitakirudisha na korosho.